Kung'oa jino ukiwa na kisukari: jinsi kidonda kinavyopona na mambo yanayokichelewesha

Swali la msomaji: Mama yangu ana miaka 61 na kisukari cha aina ya pili. Anatumia metformini na glibenklamidi, losartani ya presha, na aspirini ndogo kila siku. HbA1c yake (kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu) ya mwezi uliopita ilikuwa asilimia 8.6. Gego lake la chini kushoto limeoza hadi mzizini. Fizi huvimba, hutulia, kisha huvimba tena. Daktari wa meno amesema ling'olewe, lakini ndugu wanamkataza. Wanasema mwenye kisukari aking'olewa jino kidonda hakifungi. Je, ni kweli? Na akikubali, tujiandae vipi? Anywe antibiotiki kabla? Baadaye angependa kuwekewa jino la bandia.

Jibu: Hofu ya ndugu zako ina chanzo, ila wamefikia uamuzi usio sahihi. Kidonda cha jino kwa mwenye kisukari hufunga. Mtu ambaye sukari yake imedhibitiwa vizuri akitolewa jino kwa njia ya kawaida, hupona karibu sawa na asiye na kisukari. Anayechelewa, na anayepata usaha, mara nyingi ni yule ambaye sukari yake ilikuwa juu kwa wiki nyingi kabla ya kung'olewa na ikabaki juu siku zilizofuata. Mama yuko katikati. HbA1c ya 8.6 ni sawa na wastani wa sukari wa takriban 11 mmol/L (200 mg/dL) kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Si nzuri, lakini haimfungii mlango. Gego hilo ling'olewe. Kinachobaki kuamuliwa ni lini, na sukari ikiwa kiasi gani siku hiyo.

Tundu la jino linavyojifunga

Jino likitoka, tundu hujaa damu na damu hiyo huganda baada ya dakika chache. Bonge hilo ndilo linalofunika mfupa ulioachwa wazi, na ndilo nyama mpya itakalolishika ili iote. Siku mbili tatu za kwanza chembe nyeupe za damu huingia kusafisha bakteria na mabaki ya seli zilizokufa. Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza nyama changa nyekundu, yenye vimishipa vingi vya damu, huwa imeanza kuchukua nafasi ya bonge. Fizi nayo hutambaa kutoka pembeni, na kwa gego huchukua kama wiki tatu hadi tano kuziba juu. Chini yake mfupa mchanga hujaza tundu kwa wiki sita hadi nane, kisha huendelea kukomaa kwa miezi minne hadi sita, wakati mwingine zaidi.

Sukari iliyozidi huingilia karibu kila hatua hapo. Chembe nyeupe zinazotangulia kufika, zinazoitwa nyutrofili, huchelewa kufika palipo na bakteria, na zikishafika humeza na kuua wachache kuliko inavyotakiwa. Udhaifu huu hutegemea sana kiwango cha sukari cha wakati huo, na sukari ikishuka nao hupungua. Ndiyo maana wiki mbili tatu za udhibiti mzuri kabla ya kung'oa zina faida ya kweli hata kama HbA1c bado haijabadilika sana.

Kuna madhara mengine ambayo hayaondoki haraka hivyo. Sukari hunata kwenye protini za mwili, hasa kolajeni, na nyuzi hizo hukakamaa kama ngozi ya mnyama iliyoachwa juani. Seli zinazofuma nyuzi mpya na zile zinazojenga mfupa hufanya kazi polepole, na uvimbe wa ndani ambao ungepaswa kutulia baada ya siku chache huendelea. Tena, miaka ya sukari ya juu hunenepesha kuta za mishipa midogo ya damu, hivyo oksijeni inayofika kwenye fizi na mfupa hupungua. Taya la chini ndilo linaloumia zaidi, kwa sababu mfupa wake ni mnene na hupata damu kidogo kuliko taya la juu. Gego la mama liko huko.

Mate nayo yasisahaulike. Sukari ikiwa juu mtu hukojoa sana, mwili hukauka maji, na mate hupungua. Mate ndiyo yanayosuuza kinywa mchana kutwa. Yakipungua, bakteria na fangasi huongezeka karibu kabisa na kidonda.

Kwa nini kuliacha jino ni hatari zaidi

Gego linalovimba na kutulia lina maambukizi sugu kwenye mzizi. Mwili unapopambana na maambukizi hutoa kortisoli, adrenalini na glukagoni, homoni ambazo zote hupandisha sukari, na wakati huohuo seli huanza kuikaidi insulini. Kwa hiyo mama anaweza kumeza dawa zake kwa wakati, akala kwa uangalifu, na sukari ikagoma kushuka kwa sababu ya usaha ulio chini ya jino moja. Uhusiano huu umeonekana wazi kwenye ugonjwa wa fizi: ukitibiwa vizuri, HbA1c hushuka kwa wastani wa karibu asilimia 0.4 ndani ya miezi mitatu hadi minne. Si nyingi, lakini inapatikana bila kuongeza kidonge.

Hapo ndipo wagonjwa wengi hunasa. Wanaambiwa wasubiri sukari ikae sawa ndipo jino litoke, huku jino lenyewe likizuia sukari kukaa sawa. Chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120, hivyo HbA1c haiwezi kuonyesha mabadiliko kamili kabla ya miezi miwili au mitatu. Kumsubirisha mama muda wote huo ili afikishe asilimia 7, akiwa na usaha kwenye taya, si uamuzi mzuri. Ningependa apewe wiki mbili hadi tatu za kurekebisha sukari ya kila siku, kisha ang'olewe.

Uvimbe ukija na homa, uso ukitanuka au kinywa kikashindwa kufunguka, hesabu hiyo ya wiki inafutika. Hiyo ni dharura. Usaha hutolewa siku hiyohiyo na sukari hushushwa kwa insulini wakati huohuo, hospitalini ikibidi. Mgonjwa wa namna hii asirudishwe nyumbani eti sukari iko juu. Iko juu kwa sababu ya usaha.

Namba za kuzingatia

Hakuna kiwango kimoja ambacho madaktari wote wa meno wamekubaliana. Kiutendaji, jino lisilo la dharura hung'olewa bila wasiwasi mkubwa sukari ikiwa kati ya 5 na 10 mmol/L (90 hadi 180 mg/dL) asubuhi hiyo. Ikifika 11 hadi 13 daktari hupima uzito wa kila jambo: jino litatoka kirahisi au litahitaji upasuaji, mgonjwa anavuta sigara, figo zikoje. Ikizidi 14 hivi (250 mg/dL) wengi huahirisha. Ikiwa chini ya 4 (70 mg/dL) hakuna kuanza mpaka ipandishwe kwanza.

Jambo moja kuhusu HbA1c: kwa mtu mwenye upungufu wa damu, selimundu, au aliyeongezewa damu hivi karibuni, kipimo hicho kinaweza kudanganya. Kwa watu hao daftari la vipimo vya nyumbani husema ukweli zaidi.

Wiki mbili kabla

Nendeni kwanza kliniki ya kisukari mkiwa na maelezo ya daktari wa meno na tarehe mnayolenga. Wakijua kuna upasuaji mdogo mbele wanaweza kurekebisha dawa mapema. Mama apime sukari asubuhi kabla ya kula na saa mbili baada ya chakula cha jioni, na namba ziandikwe. Ombeni pia kipimo cha figo kama hakijafanyika mwaka huu, kwa sababu kitaamua dawa gani ya maumivu inamfaa.

Katika kipindi hicho meno mengine yasafishwe kwa daktari, utando mgumu kwenye fizi uondolewe. Tundu jipya likizungukwa na fizi zinazotoa damu na uchafu, linaanza na mzigo mkubwa wa bakteria. Kama anavuta sigara au kutafuna tumbaku, aache sasa. Sigara hubana mishipa ileile midogo ambayo kisukari tayari kimeidhoofisha.

Daktari wa meno apewe orodha ya dawa zote, zikiwemo za mifupa kama alendroneti au sindano za aina hiyo, kwa sababu hizo zina hatari yake ya pekee kwenye mfupa wa taya.

Aspirini ndogo asiiache kwa uamuzi wake. Damu ya kung'oa jino moja huzuiwa kwa kukandamiza, kushona, au kuweka sifongo inayogandisha damu. Kuganda kwa damu kwenye moyo au ubongo hakuzuiliki kirahisi hivyo.

Siku ya kung'oa

Chukueni miadi ya asubuhi, baada ya kifungua kinywa. Ale kama anavyokula siku zote na ameze dawa zake kama kawaida, isipokuwa daktari wake ameelekeza vingine. Ganzi ya sindano haihitaji tumbo tupu. Kosa la kawaida kabisa, na la hatari, ni mgonjwa kumeza glibenklamidi kisha kutokula kwa kuogopa jino. Dawa hiyo huilazimisha kongosho kutoa insulini iwe mtu amekula au hajala, na nguvu yake inaweza kudumu hadi saa 24. Sukari inaweza kumshuka akiwa kwenye kiti, au usiku akiwa amelala kwa sababu alishindwa kutafuna mchana. Ulizeni mapema: asipoweza kula vizuri siku hiyo, dozi ya jioni ipunguzwe, isogezwe au iachwe? Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi.

Kwa wasomaji wengine: anayetumia insulini ya muda mrefu asiiache hata kama anakula kidogo, kinachorekebishwa ni ile ya haraka inayoendana na chakula, na kwa maelekezo ya daktari. Anayetumia dawa za kisukari za empagliflozini au dapagliflozini amwambie daktari siku kadhaa kabla, maana dawa hizi kwa kawaida husimamishwa siku tatu kabla ya upasuaji uliopangwa unaohitaji kufunga kula. Mtu asipokula akiwa anazitumia, asidi ya ketoni inaweza kujaa kwenye damu huku kipimo cha sukari kikionyesha namba isiyotisha.

Mama apime sukari kabla ya kutoka nyumbani na tena akifika. Abebe mashine yake na kitu cha sukari. Dalili za sukari kushuka, yaani kutetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio na maneno kuchanganyika, hufanana sana na woga wa sindano, na ni rahisi kila mtu chumbani kudhani ni woga. Msibahatishe, pimeni. Ikiwa chini ya 4 apewe gramu 15 za sukari: vijiko vya chai vitatu hadi vinne vilivyokorogwa kwenye maji, au mililita 150 za juisi au soda ya kawaida. Subirini dakika 15, pimeni tena, rudieni ikibidi. Ganzi mdomoni haimzuii kunywa ilimradi yuko macho na anameza vizuri. Akipoteza fahamu asinyweshwe chochote. Anayetumia propranololi au atenololi, dawa za presha na moyo, asisubiri kutetemeka, kwa kuwa dawa hizo huficha mtetemo na mapigo ya moyo, jasho hubaki.

Watu huuliza kama adrenalini iliyo kwenye ganzi itapandisha sukari. Kichupa kimoja cha mililita 1.8 chenye adrenalini ya 1:100,000 kina mikrogramu 18 tu. Athari yake kwenye sukari ni ndogo. Jino likitolewa ganzi haijashika vizuri, mwili wenyewe humwaga adrenalini nyingi kuliko hiyo. Ganzi nzuri ni sehemu ya kudhibiti sukari. Presha ipimwe pia. Ikiwa 180/110 au zaidi, kazi isiyo ya dharura kwa kawaida huahirishwa.

Kuhusu ung'oaji wenyewe, mnachotaka ni jeraha dogo. Gego lililooza huvunjika kirahisi, na kulivuta kwa nguvu huponda mfupa ambao ndio utakaohitajika kujenga upya. Kulikata vipande na kutoa mzizi mmoja mmoja huchukua muda zaidi lakini huacha tundu safi. Baada ya hapo nyama iliyooza kwenye ncha ya mzizi hukwanguliwa, tundu huoshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, na kingo huvutwa kwa uzi. Kama kuna meno mengine mabovu, yasitolewe yote kwa mkupuo. Lianze hili, muone linavyopona.

Antibiotiki na dawa za maumivu

Anywe antibiotiki kabla? Kwa sababu ya kisukari peke yake, hapana. Kama siku hiyo fizi imevimba na ina usaha, au sukari imekaa juu sana na jino linahitaji upasuaji, daktari anaweza kuandika, mara nyingi amoksilini, wakati mwingine pamoja na metronidazoli. Uamuzi huo ufanywe na aliyeliona jino. Antibiotiki zinazonunuliwa dukani kama kinga hazifanyi kazi ya kushusha sukari, huotesha fangasi kwenye kinywa kilichokauka, na zikimharisha mama akashindwa kula, glibenklamidi itamshusha sukari kupita kiasi.

Kuna mgongano wa dawa ambao familia nyingi hazijaambiwa. Kotrimoksazoli, siprofloksasini na klaritromisini, zikitumiwa pamoja na glibenklamidi au dawa za jamii yake, zinaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Flukonazoli ya fangasi, na hata jeli ya mikonazoli ya kupaka mdomoni, zina tatizo hilohilo. Akiandikiwa mojawapo, aulize kwanza, na kama ni lazima atumie, apime sukari mara nyingi zaidi.

Kwa maumivu aanze na parasetamoli: gramu 1 kila baada ya saa sita, isizidi gramu 4 kwa saa 24, kama ini lake ni zima na uzito wake unafikia kilo 50. Ibuprofeni na diklofenaki sizipendi kwake hadi figo zipimwe. Kisukari, umri na losartani tayari vinazigusa figo, na dawa hizo huongeza mzigo. Aspirini ya kutuliza maumivu isiongezwe juu ya ile ndogo. Huchochea damu kutoka, na kwa dozi kubwa huongeza nguvu ya glibenklamidi.

Jino likihitaji upasuaji, daktari anaweza kupendekeza deksamethasoni ili kupunguza uvimbe. Mkumbusheni kuwa mama ana kisukari. Dozi moja tu inaweza kuipandisha sukari kwa siku moja hadi tatu, na familia isiyojua hudhani kidonda kimeharibika.

Kutunza tundu

Shashi iliyowekwa juu ya tundu aing'ate kwa nguvu ya wastani dakika 30 hadi 45 bila kuifunguafungua ili kuchungulia. Kila akichungulia anavunja bonge linaloanza kushika. Damu ikiendelea, akunje shashi nyingine safi yenye unyevu kidogo, aing'ate dakika 30 tena. Mate ya rangi ya waridi siku ya kwanza ni kawaida.

Saa 24 za kwanza asisukutue, asiteme kwa nguvu, asinywe kwa mrija, asivute sigara, asiguse tundu kwa ulimi au kidole. Vitu hivi vyote hufyonza au kung'oa bonge. Asile kitu cha moto wala kutafuna upande huo hadi ganzi iishe, kwa kawaida saa mbili hadi nne. Mwenye kisukari akijing'ata mdomo uliokufa ganzi anapata kidonda cha pili.

Kuanzia siku ya pili, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, mara nne hadi tano kwa siku, hasa baada ya kula. Ayaache maji yazunguke kwa kuinamisha kichwa, kisha ayaachie yadondoke. Akipewa kloheksidini ya kusukutua, atumie mara mbili kwa siku na si mara moja baada ya kupiga mswaki, kwa sababu baadhi ya dawa za meno huipunguza nguvu. Meno mengine yapigwe mswaki tangu siku ya kwanza, taratibu.

Chakula ndipo wengi wanapoharibu bila kujua. Ushauri wa kawaida baada ya kung'oa jino ni vitu laini na baridi: aiskrimu, juisi, uji mtamu, soda. Kwa mama hiyo ni sukari ya haraka siku tatu mfululizo, kipindi kilekile ambacho nyutrofili zinahitajika kuliko wakati mwingine wowote. Laini haina maana ya tamu. Mayai laini, samaki aliyechambuliwa, maharage yaliyopondwa, mtindi usio na sukari, supu ya vuguvugu na mboga zilizoiva sana vinamtosha, na protini iliyomo ndiyo inayofuma nyama mpya. Wanga usiondolewe kabisa, maana anatumia glibenklamidi. Viazi vilivyopondwa au wali laini kwa kiasi chake cha kawaida vinafaa. Maji anywe ya kutosha.

Apime sukari kabla ya kila mlo na kabla ya kulala kwa siku tatu za kwanza, kisha mara mbili kwa siku hadi wiki iishe. Ikizidi 14 mara mbili mfululizo, pigeni simu kliniki. Akianza kutapika au akashindwa kula kabisa, pigeni simu pia, kwa sababu metformini na glibenklamidi zinaweza kuhitaji kusimamishwa kwa muda.

Kujua kama kinapona

Watu huogopa damu ya siku ya kwanza kisha wakalegea. Matatizo mengi ya kidonda hiki hujitokeza kati ya siku ya pili na ya saba. Kwa hiyo ombeni miadi ya kukaguliwa ndani ya siku tatu hadi saba badala ya kuridhika na maneno "rudi ukiona tatizo".

Uvimbe huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu kisha huanza kushuka. Maumivu nayo yapungue kila siku, hata kama ni kidogo. Utando mweupe au wa manjano hafifu juu ya tundu ni sehemu ya uponaji na hautoki kwa kusukutua. Watu huudhania usaha na kuukwangua. Wanachokwangua ni kidonda chenyewe. Usaha ni wa majimaji, huchuruzika ukibonyeza fizi, una ladha mbaya na harufu.

Maumivu yakipungua kisha yakarudi kwa ukali siku ya pili hadi ya nne, yakapanda hadi sikioni, na tundu likaonekana tupu lenye mfupa mtupu, bonge limetoka. Madaktari huita hali hii tundu kavu. Hutokea zaidi kwenye magego ya chini na kwa wavutaji sigara. Hutibiwa kwa kuoshwa na kuwekewa dawa ndani ya tundu, na maumivu hupungua haraka. Antibiotiki peke yake haisaidii, maana si jipu.

Maambukizi yana sura nyingine: uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu badala ya kushuka, joto la mwili la 38 au zaidi, usaha, taya kukaza. Kwa mwenye kisukari cha miaka mingi ongezeni alama moja muhimu: maumivu yanaweza yasiwe makali, kwa sababu neva zimedhoofika na mwili hautoi kelele za kutosha. Msingojee alalamike. Angalieni tundu kwa tochi kila jioni, pimeni joto, na mtazame daftari la sukari. Sukari iliyokuwa 8 au 9 ikaruka hadi 13 au 14 siku ya nne, bila chakula kubadilika wala dawa kurukwa, mara nyingi ni habari ya kwanza ya maambukizi, kabla uvimbe haujaonekana.

Uvimbe ukishuka chini ya kidevu au shingoni, ulimi ukanyanyuka, kumeza au kupumua kukawa kugumu, au sauti ikabadilika, pelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Vivyo hivyo nyama nyeusi ikionekana kwenye fizi au kaakaa, hasa baada ya kung'oa jino la juu kwa mtu mwenye sukari ya juu sana. Hiyo inaweza kuwa fangasi inayokula tishu kwa kasi, na matibabu yake hayangoji siku.

Kwa wastani, mpeni mama nafasi ya kuchelewa kidogo. Fizi yake ikichukua wiki tano au sita kufunga vizuri, bila usaha wala maumivu, hakuna la kuhofia. Mfupa ukiendelea kuonekana, au kidonda kikabaki wazi baada ya wiki nane, arudi apigwe picha, na ikibidi kipande kidogo kichukuliwe kupimwa.

Na lile jino la bandia: la kuvaa na kuvua huchukuliwa vipimo baada ya wiki sita hadi nane, kwa sababu kabla ya hapo ukingo wa taya bado unabadilika umbo, na litakalotengenezwa mapema litalegea na kumchubua. La kupandikizwa kwenye mfupa kwa kawaida hungoja miezi mitatu hadi sita. Hapo HbA1c ina uzito mkubwa kuliko kwenye kung'oa, kwa kuwa mfupa unatakiwa kushikamana na chuma. Madaktari wengi hutaka iwe karibu na 7, au angalau chini ya 8, kabla ya kuanza. Muda huo unamtosha kuishusha kutoka 8.6, tena sasa akiwa hana lile gego.